Kasuku wa Kanazi na agizo nililosahau kulifuta

Kwa miaka yangu yote ya utumishi niliitwa bwana mifugo, na mimi ni mwanamke. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha watu. Wakaanza kuniita "bwana mifugo mama", nikaona hilo ni baya zaidi, nikaacha. Hadi leo, nikiwa nimestaafu na magoti yanalalamika kila nikipanda kilima cha kwetu Bukiriro, mtoto akinikuta njiani husema, "Shikamoo bwana mifugo," nami huitikia marahaba bila kinyongo.

Ninawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi hii, na wengine ambao mmejikuta na kasuku nyumbani bila kujua mumwulize nani. Chuoni nilisomea ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku. Kasuku hakuwa na ukurasa hata mmoja katika madaftari yangu. Lakini sisi tuko mpakani, na watu waliovuka kuja kwetu katika miaka ya misukosuko walikuja na walichoweza kubeba. Wengine walibeba godoro, wengine cherehani, na wachache walibeba kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Ndege huyu huishi miaka mingi kama mtu. Mwenyewe akifa humwachia mwanawe, mwana akihama humwachia jirani, na jirani akishindwa humleta kwa bwana mifugo.

Niseme mapema jambo la sheria, nisije nikaonekana nawapa hamu. Kasuku wa porini hakamatwi, wala hanunuliwi njiani kwa mtu aliyemficha ndani ya kikapu. Aliyenaye nyumbani aende ofisi ya wanyamapori akaulize habari ya kibali. Mimi nilitibu waliokwisha kuwa majumbani. Sikumsaidia mtu kupata mwingine, na ninyi msifanye hivyo.

Namshukuru Mungu aliyeniajiri, maana serikali ilinilipa tu, lakini Yeye ndiye aliyenipa mikono isiyotetemeka. Hata hivyo sitawaandikia sifa zangu, kwa sababu hazitawasaidia mkiwa mmesimama mbele ya tundu lenye ndege anayekufa. Nitawaandikia niliyokosea, hasa kosa la kijijini Kanazi, ambalo nusura limfanye binti asiye na hatia arudishwe kwao kwa aibu.

Lakini kwanza niwaambie alivyonifundisha Mzee Rashidi. Huyu alikuwa mkubwa wangu wa kwanza nilipopangiwa Biharamulo, Mwislamu wa swala tano, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza nilipoletewa kasuku nilitoka na sindano mkononi.

"Umeshika nini?" akaniuliza.

"Sindano, mzee."

"Irudishe. Leta kigoda."

Nikaleta kigoda. Nikadhani ni cha kumweka ndege. Kumbe ni changu mimi. Akaniambia nikae mbali kidogo na tundu nisiguse kitu, nitazame tu, mpaka arudi. Alikwenda kuswali adhuhuri akarudi, mimi bado nimekaa.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, mzee. Amekaa tu."

"Amekaaje?"

Hapo ndipo nilipoanza kuona. Manyoya yamevimba kama ana baridi na jua linawaka. Mkia unapanda na kushuka kila akivuta pumzi. Jicho moja linafumba. Mzee Rashidi akanieleza kwamba ndege mgonjwa huficha ugonjwa wake, kwa sababu porini anayeonyesha udhaifu ndiye huliwa. Ukimkaribia hujikaza, anajifanya mzima. Ukikaa mbali ukamsahaulisha kwamba upo, ndipo anauachia ugonjwa uonekane. Ndege anayeonekana mgonjwa hata ukiwa umesimama mbele yake ameshachelewa sana.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutandika karatasi chini ya tundu na kuisoma asubuhi. Kinyesi cha kasuku kina sehemu tatu: ya rangi ya kijani au kahawia, nyeupe, na majimaji. Sehemu ya kijani ikipotea, ndege hali hata kama bakuli lina maganda. Nyeupe ikigeuka njano au kijani, ini linalalamika. "Gazeti la jana," alikuwa akisema, "watu wanalitupa. Wewe ndiyo maabara yako."

Na tatu, kumshika. Mfunike kwa kanga kuukuu, kichwa ukishike kwa vidole viwili chini ya mataya, lakini kifua usikibane kamwe. Ndege hupumua kwa kukitanua kifua. Ukimbana kifuani kwa kuogopa mdomo wake, unamnyonga huku unadhani unamtibu. Nimewaona watu wazima wakifanya hivyo, na mmoja wao alikuwa na shahada.

Sasa parachichi. Kwetu Ngara parachichi halinunuliwi, linaokotwa. Linaliwa asubuhi na chumvi, mchana na maharage, na yaliyobaki huliwa na nguruwe. Kwa kasuku ni sumu. Mama mmoja wa Kabanga, mke wa mtu wa kubadilisha fedha pale mpakani, aliniletea kasuku wake anahema mdomo wazi. Nikamuuliza amekula nini.

"Chakula chetu tu."

"Chakula gani, mama?"

"Parachichi. Sisi tunakula, watoto wanakula, nguruwe wanakula na wananenepa. Yeye ni nani asile?"

Nikamweleza. Akanitazama kama niliyemtukania mti wake. Ndege yule alikufa kabla ya jioni, na mama yule alilia sana, kisha akanikasirikia mimi kwa sababu nilikuwa karibu. Tangu siku hiyo, nikifika nyumba yenye kasuku, nilikuwa nikitazama juu ya mti kabla ya kutazama ndani ya tundu. Nanyi fanyeni hivyo. Hata ganda, hata jani.

Jikoni pia si mahali pake. Vilima vyetu vina baridi, na watu wenye huruma humtundika kasuku jikoni apate joto la kuni. Moshi ambao kwetu ni wa kukohoa kidogo, kwake ni wa kumuua polepole. Na tundu jipya la waya unaong'aa lisuguliwe kwanza kwa brashi na ndimu, lisuuzwe, lianikwe juani, maana kasuku anautafuna waya na ule mng'ao unamtia sumu. Kijiti cha kukalia kiwe tawi la mpera lenye unene usio sawa. Bomba laini la plastiki humtia vidonda vya nyayo. Nimesema.

Kuhusu kujinyonyoa manyoya, msikimbilie dawa. Duka moja la Biharamulo lilikuwa na kasuku aliyejinyonyoa kifua chote akabaki kama kuku wa kuchoma. Mwenye duka alimpaka kila kitu isipokuwa mafuta ya breki. Nilikaa kwenye kigoda changu, nikaona ndege hana kazi. Porini kasuku hushinda anabangua na kupasua. Nikamwambia mwenye duka ampe kila asubuhi hindi zima likiwa na maganda yake yote. Akacheka, "Bwana mifugo, umekuja kuniajiria ndege!" Alipoanza kuchana maganda ya mahindi, aliacha kuchana ngozi yake. Ilichukua muda, na manyoya mengine hayakurudi.

Basi, Kanazi.

Kulikuwa na mama mjane ninayesali naye, nitamwita Mama Keziya. Alikuwa na kasuku mzee aliyemrithi kwa mumewe, jina lake Balozi. Walimwita hivyo kwa sababu hakuna mtu aliyeingia uani bila yeye kumtangaza. Akimwona mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo, alisema "Shikamoo!" kwa sauti nzito, na watoto walikuwa wakimwitikia marahaba kisha wanakimbia wakicheka. Tundu lake lilitundikwa barazani, upande wa mashariki, akipata jua la asubuhi.

Msimu mmoja wa mvua Mama Keziya aliniita. Balozi anapiga chafya, anaharisha maji, amejikunyata. Nilikaa kwenye kigoda, nikatazama, nikasoma karatasi. Niliona ni baridi na upepo, na pia mboga walizompa zilikuwa zimeoza. Nikasema hivi, nayakumbuka maneno yangu kama yalivyo: "Mama, kwa sasa mwingize ndani. Kwa sasa asipewe mboga wala matunda, mpe alizeti na mahindi makavu tu." Baada ya siku chache nilisikia amepona. Nikamshukuru Mungu nikaendelea na chanjo za mbuzi.

Sikurudi kusema kwamba ile "sasa" imekwisha. Wala sikuandika popote. Mama Keziya ni mtu wa utii. Ukimwambia afanye jambo, atalifanya mpaka atakapoambiwa aache. Alimtundika Balozi sebuleni nyuma ya dirisha la kioo, akaweka alizeti na mahindi, na akaacha hivyo mwaka mzima.

Katika mwaka huo mwanawe Elias alioa. Binti aliitwa Kabula, Msukuma. Wazazi wake walihamia upande wa Biharamulo na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Alikuwa mchapakazi, anapiga magoti kusalimia, lakini Mama Keziya alikuwa amemtakia mwanawe binti wa kanisani kwetu, mtoto wa jirani anayejulikana. Kazi ya kumlisha Balozi ikawa ya Kabula.

Miezi ikapita. Siku moja Elias alikuja na pikipiki kwangu Bukiriro, ameshika kofia mkononi.

"Shikamoo mama. Balozi anaanguka."

"Marahaba. Anaangukaje?"

"Anatetemeka, anatandaza mbawa, anaanguka chini ya tundu anapiga mabawa. Halafu anaamka anasema shikamoo kama hakuna kilichotokea."

Nilikwenda. Nilimkuta ametulia, mnene kidogo, macho mazima. Karatasi ilikuwa safi. Nikasema huenda ni baridi tena, wamfunike vizuri. Ndiyo, nilisema hivyo. Nilikosea mara ya pili palepale nilipokosea mara ya kwanza, na kigoda hakikunisaidia, kwa sababu nilikuwa nikitazama ndege tu bila kutazama mahali alipowekwa na nani alimweka.

Nilipokuwa natoka, Mama Keziya alinisindikiza hadi kwenye migomba. Akashusha sauti.

"Bwana mifugo, huyu ndege alianza kuanguka lini? Baada ya nani kuingia humu ndani?"

"Mama Keziya, usiseme hivyo."

"Sisemi. Nauliza. Ni nani anayemshikia bakuli? Hawa watu wa ng'ombe wana mambo yao. Ndege anaona tusivyoviona. Anaanguka kwa sababu kuna kitu kimeingizwa ndani ya nyumba yangu."

Nilimkemea, lakini kwa upole wa mtu mwenye haraka. Alikwenda akawaita akina mama wa kikundi cha maombi.

Mungu ni mwenye subira. Wiki ileile niliitwa kwa jirani yangu, ng'ombe wake wa maziwa amezaa jana na leo hawezi kusimama. Amelala, shingo imepinda ubavuni, masikio ya baridi. Ugonjwa huu tunauita homa ya maziwa ingawa hauna homa. Ng'ombe ametoa kalsiamu yake yote kwenye maziwa, mwili umebaki bila kalsiamu ya kuendesha misuli. Unamtia kalsiamu polepole kwenye mshipa, na mara nyingi anasimama ukiwa bado unakunja mpira wa dawa. Yule ng'ombe alisimama. Jirani yangu akapiga vigelegele. Mimi nilibaki nimeinama na chupa mkononi, nikamwona Balozi akilini.

Kalsiamu. Ndege anayekula alizeti na mahindi tu haipati. Na hata kidogo anachopata, mwili wake hauwezi kukitumia bila jua, na jua lililopita kwenye kioo si jua tena kwa kazi hiyo. Kasuku wa kijivu ndiye anayeumizwa na upungufu huo kuliko ndege wote wa tundu. Misuli inaikosa, anatetemeka, anaanguka, anaamka. Hakuna kilichoingizwa ndani ya nyumba ile isipokuwa ndege mwenyewe, na mimi ndiye niliyesema aingizwe.

Kesho yake nilikwenda Kanazi na kalsiamu ya kunywesha. Kipimo sitawaandikia hapa, mtu asije akamnywesha kasuku cha ng'ombe. Mwulizeni daktari wa mifugo. Niliwakuta akina mama wa maombi wamejaa sebuleni, na wakaniomba niongoze. Niliongoza. Baada ya amina nilimshika Balozi kwa kanga, nikamdondoshea dawa mdomoni, nikasema arudi barazani asubuhi na apewe majani ya kunde, karoti, na maganda ya mayai yaliyochemshwa yakasagwa. Nilisema haya nikiwa naondoka, watu wakiwa wanaimba.

Balozi hakuanguka tena. Jumapili ya pili Mama Keziya alisimama kanisani wakati wa ushuhuda. Akasema kulikuwa na kitu kimetumwa nyumbani kwake, na kwamba maombi yamekiondoa, na akanitaja mimi kwa jina kama mama wa maombi. Watu wote wakasema amina. Mimi pia nilisema amina. Nilijiambia kwamba Mungu huponya hata kwa dawa, hivyo si uongo. Hilo ni kweli. Lakini nililitumia kujificha.

Siku chache baadaye Elias alikuja tena, safari hii hakushika kofia, ameshika kichwa.

"Mama, kuna kikao Jumamosi. Baba mkubwa ameitisha. Wamemwita na baba yake Kabula aje amchukue."

"Amchukue kwa nini? Ndege amepona."

"Ndiyo maana! Mama anasema kitu kimeondoka, lakini aliyekituma bado yupo ndani. Kabula hajala tangu juzi. Nao wanakuomba wewe uje ufungue kikao kwa sala."

Sikulala vizuri, na sitawasimulia usiku huo. Nilijua tu kwamba ningeweza kwenda, kusali sala nzuri, kusema neno la upendo kwa ujumla, na kurudi nyumbani nikiwa bado mama wa maombi na bwana mifugo asiyekosea. Na binti yule angerudi kwao na jina la uchawi, kwa sababu ya agizo langu.

Jumamosi wanaume walikaa kwenye viti, sisi wanawake kwenye mikeka. Kabula alikaa peke yake karibu na mlango. Baba yake, mzee mrefu mwenye fimbo, alikuwa ameshuka kwenye pikipiki na vumbi la Biharamulo lote mabegani. Kabla hata kikao hakijafunguliwa alisema, "Mimi niulize kwanza. Sisi tuna ng'ombe. Tungetaka kuroga, tungeroga kiumbe cha maana. Tumroge kuku wa kijivu ili iweje?" Wengine walicheka, lakini Mama Keziya hakucheka.

Baba mkubwa akaniambia, "Bwana mifugo, tufungulie kwa sala."

Nikasimama. "Nitasali, baba. Lakini nina neno, na siwezi kusali kabla sijalisema."

Akaniruhusu. Nikamgeukia Kabula.

"Kabula, kwa nini hukumtoa ndege nje?"

Akatazama mkeka. "Niliomba, mama. Niliomba nimtoe nje, na nimpe majani ya kunde. Niliambiwa hapana."

"Nani alikuambia?"

"Mama."

Nikamgeukia Mama Keziya. "Na wewe, nani alikuambia?"

"Wewe."

"Nani alisema alizeti na mahindi tu?"

"Wewe, bwana mifugo. Ulisema kwa sasa."

"Na nilirudi lini kukuambia kwamba imetosha?"

"Hukurudi."

Basi nikawaeleza yote, na mfano wa ng'ombe, kwa sababu kila mtu pale alikuwa amewahi kuona ng'ombe aliyelala baada ya kuzaa. Nikasema ndege alikosa jua na kalsiamu kwa mwaka mzima kwa agizo langu, na kwamba mtu pekee ndani ya nyumba ile aliyetaka kumpa vyote viwili ni yule wanayetaka kumrudisha kwao. Nikasema nilikaa kanisani nikasifiwa nikijua, na nikanyamaza.

Mama Keziya alisema kwa sauti ndogo, "Na maombi yetu?"

"Yalisikika, mama. Mungu alinipeleka kwa ng'ombe aliyelala ili nione. Lakini hakukuwa na kitu kilichotumwa. Tulimwomba Mungu aondoe kitu ambacho nilikiweka mimi."

Baba mkubwa alikohoa akasema kwamba basi jambo limekwisha, tusali, tule. Watu wakaanza kujinyoosha. Hapo Kabula akasema, bila kuinua sauti:

"Samahani, baba. Halijaisha."

Wote wakamtazama. Mkwe hasemi hivyo kwenye kikao cha ukoo.

"Bwana mifugo amekiri la kwake, nimemsikia, nimemsamehe. Lakini aliyeniita mchawi si yeye. Nikienda kisimani wanaondoa ndoo zao. Mama alisema kanisani. Ikifutwa hapa sebuleni, kule bado ipo."

Baba yake akagonga fimbo chini mara moja. Elias akahama kwenye viti vya wanaume, akaenda akakaa kwenye mkeka kando ya mkewe. Mama Keziya alijifunika uso kwa ncha ya kitenge, akaondoka kwenda uani. Sikujua kama angerudi. Nilisali sala fupi sana, na baba yake Kabula akasema hamchukui binti siku hiyo, atasubiri Jumapili ipite.

Vijana, kuna mambo mawili nataka mchukue kwangu, kabla sijamaliza. Mkitoa agizo, semeni na siku ya mwisho wake, muiandike kwenye karatasi, na karatasi ibandikwe mahali ambapo hata mgeni wa nyumba ataisoma. Na mkimkuta ndege anaanguka, ulizeni anakula nini na analipata wapi jua, kabla ya kuuliza nani aliingia nyumbani. Mayai yapo kila kaya. Jua ni la bure. Msisubiri kama nilivyosubiri mimi.

Jumapili ilipofika kanisa lilijaa, maana habari za kikao zilikuwa zimeshatembea. Wakati wa ushuhuda nilisimama kwanza mimi, nikasema yangu, na nikakaa nikiwa mwepesi kuliko nilivyokuwa kwa muda mrefu. Mchungaji akauliza kama kuna mwingine. Hakuna aliyeinuka. Akauliza tena. Kisha nikasikia benchi la nyuma likikwaruza.

Mama Keziya alitembea hadi mbele. Alisimama pale akishika meza.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina."

"Nilisimama hapa nikamshukuru Mungu kwa kuondoa kitu nyumbani kwangu. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na mkwe wangu. Anaitwa Kabula. Nilikuwa nataka kumwondoa yeye."

Hakuna aliyejua la kufanya. Ushuhuda kwetu huishia kwa amina, lakini huu haukuwa wa kushangilia, na watu walitazamana wakisubiri wa kuanza.

Kabula alikuwa amekaa safu ya tatu, na Elias kando yake. Alisimama, akamtazama mama mkwe wake, na akaisema yeye wa kwanza.

"Amina, mama."